Mgonjwa wa kusafishwa damu: Msimlaze tu kitandani



Wanaoujua mji wetu wa Mwanza wanafahamu kwamba kuishi Mabatini au Igogo ya juu ni jambo linalotaka miguu. Nyumba zimepandana na mawe, njia ni vichochoro na ngazi za kuchonga, na anayeshuka barabarani kutafuta mkate ajue kuwa atapanda tena. Katika moja ya nyumba hizo nilikwenda kumjulia hali mzee mmoja, jirani wa zamani, ambaye figo zake zimeshindwa kazi na anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Nilimkuta amelazwa kwenye godoro sebuleni, mito miwili mgongoni, mjukuu mmoja anampepea na mwingine anamkanda miguu.

"Alhamdulillah mwanangu, nipo," alinijibu. "Miguu tu ndiyo imenikataa."

Mwanawe mkubwa akanieleza kwa fahari kidogo kwamba baba yao hawamruhusu kufanya lolote. Chakula analetewa, maji ya udhu analetewa, na siku za hospitali vijana wanambeba mgongoni mpaka kwenye gari. "Tumemwambia mzee wewe pumzika, sisi tupo." Kisha akaongeza, kama jambo dogo lisilo na uzito, kwamba juzi baba alitetemeka sana akiwa kwenye mashine, usiku akapandwa na homa, nao wakamnunulia dawa ya mseto ya malaria duka la dawa.

Niliomba wampeleke hospitali siku ile ile. Hawakufurahi, kwa kuwa walikuwa wametoka huko siku mbili nyuma, lakini walikwenda. Ikaonekana kwamba hapakuwa na malaria. Bakteria walikuwa wameingia kwenye damu kupitia mrija wa shingoni. Mzee alilazwa zaidi ya wiki mbili, mrija ukatolewa, akachomwa sindano za antibiotiki, na Allah akamjaalia akatoka. Alitoka hai, lakini miguu ilikuwa imebaki mifupa.

Watoto wale ni wema, na wala sikuandika haya kuwalaumu. Katika nyumba ile niliona mambo mawili ambayo tumezoea kuyaona mbalimbali, udhaifu wa miguu na maambukizi ya damu, kumbe ni ndugu wa tumbo moja.

Tuanze na figo zenyewe. Kazi yake ni kuchuja taka na maji ya ziada kutoka kwenye damu, mchana na usiku, bila kupumzika. Zikishindwa kabisa, mashine huchukua sehemu ya kazi hiyo: damu hutolewa mwilini, hupitishwa kwenye chujio, kisha hurudishwa. Kikao kimoja huchukua kama saa 4, na utaratibu unaokubalika ni vikao 3 kwa wiki. Hesabu basi: saa 12 kati ya saa 168 za wiki. Figo nzima hufanya kazi zote 168. Ndiyo maana hata mgonjwa asiyekosa kikao hubaki na taka nyingi mwilini kuliko mimi na wewe.

Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, Hospitali ya Rufaa ya Bugando, pale juu ya kilima, ndiyo imekuwa kimbilio la wengi. Mgonjwa wa Ukerewe huvuka kwa meli. Wa Sengerema na Geita kwa miaka mingi walikuwa wakipanga foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi, mpaka daraja lenye urefu wa kilomita kama 3 lilipofunguliwa Juni 2025. Kwa mtu wa kawaida foleni ya kivuko ilikuwa kero. Kwa mtu anayetakiwa kwenye mashine asubuhi, aliyejaa maji mapafuni, ilikuwa ni jambo la uhai.

Na wagonjwa si wachache. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanyika Bugando kwa watu wazima 369 wenye kisukari waliokuwa wakihudhuria kliniki. Kati yao 309 walikutwa na dalili za maradhi sugu ya figo, kwa viwango tofauti. Wengi wao walikuwa wanakwenda kazini na sokoni kama kawaida. Ongeza hapo shinikizo la damu na virusi vya Ukimwi, na katika vijiji vya bara vyenye mabwawa na majaruba ya mpunga, kichocho kile cha kukojoa damu ambacho kikiachwa miaka mingi huziba njia ya mkojo na kuziharibu figo.

Sasa tuje kwenye maambukizi. Mtu anaposafishwa damu, watu humhofia figo. Lakini kinachoongoza kuwaua wagonjwa hawa duniani ni moyo na mishipa yake, na kinachofuata ni maambukizi. Sababu ni kadhaa na zimeshikana. Taka zinazobaki kwenye damu hudhoofisha chembe nyeupe ambazo ndizo askari wa mwili. Wengi wana kisukari, nacho kina madhara yake kwa kinga. Kisha kuna mlango. Ili mashine ipate damu ya kutosha, lazima pawe na njia ya kuingilia kwenye mishipa mikubwa, na njia hizo hazilingani kwa usalama.

Njia ya haraka ni mrija wa plastiki unaopitishwa shingoni, au kwa dharura kwenye kinena, na kuingia moja kwa moja kwenye mshipa unaokwenda moyoni. Wengi huuita "mpira". Nchini kwetu wagonjwa wengi huanza na huo kwa sababu hufika hospitali wakiwa wamekwisha kuzidiwa. Mrija huu ni mlango usiofungwa: ncha moja iko nje kwenye ngozi, nyingine iko ndani karibu na moyo. Bakteria aitwaye stafilokokasi, ambaye huishi kwa amani kwenye ngozi na ndani ya pua za watu wengi wazima, akipata njia hiyo hufika kwenye damu bila kizuizi. Wa kinena ni hatari zaidi, kwani mahali pale kuna joto, jasho na ukaribu na choo.

Njia iliyo salama zaidi ni kuunganishwa kwa mishipa miwili mkononi kwa upasuaji mdogo, kwa kawaida mkono usiotumika sana. Madaktari huiita fistula. Wasomaji wasiichanganye na ile fistula ya kinamama inayotokana na uzazi mgumu; ni jina moja, mambo mawili. Hii ya mkononi hubaki chini ya ngozi, haina kitu kinachoning'inia nje, na maambukizi yake ni machache mno ukilinganisha na mrija. Tatizo lake ni kwamba inahitaji wiki 6 mpaka miezi 3 kukomaa. Kwa hiyo aliyeambiwa na daktari kwamba figo zake zinaelekea kushindwa, na bado anatembea, huo ndio wakati wa kuuliza habari ya fistula. Asingoje mpaka abebwe.

Miguu inaingiaje katika habari hii? Msuli si kitu cha kubebea magunia tu. Ni ghala la protini, na mwili unapopigana na maambukizi hukopa kutoka kwenye ghala hilo ili kutengeneza silaha zake. Mwenye ghala tupu hana cha kukopa. Tena mtu anayelala siku nzima hapumui kwa kina, sehemu za chini za mapafu hubaki zimejikunja, makohozi hutuama, na nimonia hupata makao. Ngozi ya kiunoni na visiginoni hukandamizwa na godoro mpaka ikatoka vidonda, nayo hiyo ni milango mingine. Na mgonjwa wa figo hupoteza msuli kwa kasi kuliko sisi, kwa sababu maradhi yenyewe huula, na kila kikao cha mashine huondoka na kiasi cha viini vya protini.

Tafiti za nchi kadhaa, Japani ikiwemo, zilizowapima wagonjwa wa mashine nguvu ya kushika, mwendo wa kutembea na uwezo wa kuinuka kitini, zinaonesha kwamba walio dhaifu ndio wanaolazwa zaidi, na maambukizi ni moja ya sababu kubwa za kulazwa huko. Hapa sitaki kuwadanganya wasomaji. Kuwa dhaifu na kuugua huenda pamoja, lakini si rahisi kusema kipi kilitangulia. Huenda aliye dhaifu alikuwa na maradhi mazito zaidi tangu mwanzo. Hivyo asije mtu akasema gazeti limeandika kwamba mazoezi ni kinga ya bakteria. Halikuandika hivyo.

Kilichopimwa vizuri ni hiki. Italia, katika utafiti uliotolewa mwaka 2017, wagonjwa karibu 300 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa mpango wa kutembea nyumbani tu, dakika 10 mara mbili katika siku ambazo hakuna mashine. Baada ya miezi 6, umbali walioweza kutembea kwa dakika 6 ulipanda kutoka wastani wa mita 328 hadi 367. Kundi lingine lilibaki pale pale. Ujerumani nako, katika vituo 21, wagonjwa 917 wenye wastani wa umri wa zaidi ya miaka 60 walifuatiliwa mwaka mzima. Baadhi yao walifanya mazoezi wakiwa kwenye mashine, wakizungusha pedali na kunyanyua vitu vyepesi. Matokeo yalitolewa mwaka 2023. Mwanzoni makundi yote yaliweza kuinuka kitini mara 16 kwa dakika moja. Mwisho wa mwaka waliofanya mazoezi walifika 19, na wasiofanya walishuka hadi chini ya 15. Siku za kulazwa nazo zilikuwa chache kwa waliofanya mazoezi.

Tazama tena ile namba ya wasiofanya. Hawakubaki walipokuwa, walishuka. Hilo ndilo jambo ambalo familia nyingi hazilijui: kwa mgonjwa wa figo, kupumzika moja kwa moja ni kuteremka.

Afanye nini basi? Kwanza daktari wake aulizwe, hasa kama ana maradhi ya moyo, maumivu ya kifua, au presha inayoruka. Akiruhusiwa, mazoezi yenyewe hayana gharama. Kiti kigumu kisichotikisika, kimeegemezwa ukutani. Mgonjwa akae, ainuke, akae tena, mara tano, apumzike. Wiki ijayo saba. Mtu asimame karibu naye, lakini asimshike mpaka aombe. Siku zisizo za mashine atembee dakika chache asubuhi kabla ya jua kali. Kwa watu wa mawe ya Igogo hili lina ugumu wake, kwani njia tambarare hazipo. Aanze na uwanja wa nyumba, kisha ngazi tatu, kisha mpaka kwa jirani. Aliye tambarare, Nyakato au Igoma, msikiti wa karibu ni kipimo kizuri: swala moja aende kwa miguu, na kama amechoka arudi kwa bodaboda. Ikifika hatua ya kutembea huku anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba kaswida, mwendo ni huo, asizidishe.

Siku ya mashine, akishatoka, aachwe apumzike. Presha hushuka baada ya kikao na wengi huanguka saa hizo. Asifanye mazoezi akiwa na homa, akikosa kikao, akiwa amevimba na kubanwa pumzi, au akiwa na sukari isiyotulia. Mwenye mrija wa kinena asitembezwe mpaka wahudumu waseme. Mwenye fistula mpya akiruhusiwa na daktari anaweza kufinya kitu laini kama mpira wa soksi mara nyingi kwa siku, kwani hilo husaidia mshipa kunenepa. Lakini mkono ule asibebee ndoo, asiulalie, asipimwe presha wala kutolewa damu hapo. Kila asubuhi auguse na kusikia mtetemo wake. Mtetemo ukipotea, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Msuli haujengwi kwa mazoezi peke yake. Hapa kuna kosa ambalo nimelikuta nyumba baada ya nyumba. Mgonjwa aliambiwa zamani, kabla ya mashine, apunguze samaki, nyama na mayai ili figo zisielemewe. Ameshaanza mashine, na familia bado inamlisha uji na mchuzi wa maji. Akishaanza kusafishwa damu hesabu hugeuka: anahitaji kiasi cha gramu 1 mpaka 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 60 mpaka 72. Kipande cha sato au sangara aliyepikwa chenye gramu 100 kina kama gramu 20 hadi 25. Sisi tunaokaa juu ya ziwa hili tusimnyime mgonjwa samaki mbichi kwa khofu ya zamani. Dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa ni habari nyingine, kwa sababu ya chumvi na fosforasi, na ndizi, viazi na maharage vina potasiamu inayoweza kusimamisha moyo. Mtaalamu wa lishe wa kitengo aulizwe kiasi.

Usafi sasa. Uislamu umetulea katika maji, na hapo ndipo panahitaji uangalifu. Mrija wa shingoni na bendeji yake havitakiwi kulowa. Kwa udhu hakuna taabu kubwa, kwani viungo vya udhu haviko pale. Aoshe uso kwa kiganja, si kwa kumwagia. Taabu ipo kwenye kuoga. Aoge kwa beseni kuanzia kifuani kwenda chini, na sehemu za juu zifutwe kwa kitambaa. Kwa josho la wajibu, na kwa mkono uliofungwa bendeji baada ya sindano, sheria yetu ina wepesi wake wa kupaka juu ya bendeji na wa kutayamamu pale maji yanapodhuru. Muulizeni shekhe wenu namna ya kufanya, mkimweleza wazi daktari amesema nini. Kuoga ziwani na mrija ni jambo lisilojadiliwa. Maji ya ufukweni, penye kufua, kuosha vyombo na kunywesha ng'ombe, yana kila aina ya vijidudu.

Nisisitize jambo moja ambalo baadhi ya watu hulichukulia vibaya. Udhu ni twahara na ni ibada, lakini mikono iliyopata udhu bila sabuni haijawa tayari kugusa bendeji ya mgonjwa. Sabuni, maji yanayotiririka, kusugua mpaka katikati ya vidole. Na nyumbani bendeji isifunguliwe kabisa. Hiyo ni kazi ya wauguzi wa kitengo, nao wakiifanya wavae barakoa, na mgonjwa mwenyewe avae. Mgonjwa ana haki ya kukumbusha kwa adabu. Kabla ya sindano, mkono wa fistula uoshwe kwa sabuni.

Kwa dada zetu, mtandio unaofunika shingo yenye mrija uwe wa pamba, ubadilishwe kila siku na upigwe pasi, na pini zikae mbali na mrija. Jasho chini ya nguo nzito ni chakula cha bakteria.

Wageni wa kumjulia hali tunawakaribisha, lakini mwenye mafua aombe dua akiwa kwake. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili apimwe kifua kikuu kabla ya kumkaribia. Wagonjwa wa mashine hupata maradhi hayo kwa urahisi kuliko wengine, na matibabu yake nchini hayalipiwi. Chanjo ya homa ya ini aina ya B iulizwe mapema, maana kinga ya mgonjwa wa figo huipokea kwa shida na dozi zake hutofautiana na za watu wengine.

Yule mzee wa Mabatini, mara ya mwisho nilipopanda kwake, alikuwa amekaa nje kwenye jiwe, si kwenye godoro. Alikuwa amewekewa fistula na anaingoja ikomae. Anashuka ngazi kumi na moja, anapumzika, anapanda. Mwanawe bado anamfuata nyuma mikono imenyooshwa kama anayedaka kuku.

Limebaki la homa. Kwetu Kanda ya Ziwa kila homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na kwa mtoto wa Sengerema mazoea hayo yana sababu. Kwa mtu mwenye mrija ni kinyume: kila homa ni ya mrija mpaka ithibitike vinginevyo. Kutetemeka kwa baridi wakati wa mashine au saa chache baadaye, usaha au wekundu pale mrija unapoingilia, maumivu, kuchanganyikiwa ghafla kwa mzee hata bila joto kali, zote hizo hazingoji kikao kijacho. Kipimo cha malaria kifanyike, ndiyo, lakini hata kikionesha malaria ipo, damu ioteshwe kutafuta bakteria kabla antibiotiki haijaanza. Msinunue vidonge dukani, msimpe diclofenac kutuliza maumivu, wala mitishamba. Na mkifika kwenye zahanati usiku, ambako muuguzi aliyepo hamjui mgonjwa wenu, msianze na habari ya homa. Anzeni hivi: "Huyu anasafishwa damu kwa mashine, ana mrija shingoni, na ametetemeka leo." Kisha mwombeni awape rufaa usiku ule ule.